Maswali ya Wasomaji: Mtaji wa Hatari Ugawanywe Vipi Kati ya Vitengo?

Safari hii barua nyingi zimeangukia sehemu moja, mtaji wa hatari. Kwa ambao ni wageni na hii kitu, mtaji wa hatari sio pesa mliyonunulia hisa au hatifungani, ni ile pesa inayotengwa kumeza hasara siku mambo yakiharibika ili kampuni isife. Kuitenga ni kazi moja, kuigawa kwa vitengo ni kazi nyingine, na hii ya pili ndo inayogombanisha watu maofisini.

*Habari za kazi. Niko idara ya hatari kwenye kampuni ya uwekezaji, tuna vitengo vitatu: hisa, hatifungani na bidhaa za sokoni kama mafuta na dhahabu. Kila kimoja kikipimwa peke yake kinahitaji mtaji wa milioni 60, 30 na 40, jumla 130, ila potifolio nzima, yaani vyote vitatu, ikipimwa kwa pamoja inatoka 92 na kidogo. Hatifungani zetu hazina koreleshoni (kupanda na kushuka pamoja, 0 ni hakuna uhusiano, 1 ni pamoja kabisa) na vile viwili, hisa na bidhaa zina koreleshoni ya 0.5. Bosi anataka hiyo 92 igawanywe kwa uwiano wa 60, 30, 40 basi, yaishe. Mkuu wa hatifungani amekataa anasema anaonewa. Nani yuko sahihi?*

Dada, huyo mkuu wa hatifungani ana hoja na msimpuuze, maana hapa suala sio ukaidi wake, ni hesabu.

Kwanza tuone hiyo 92 imetoka wapi. Unachukua 60 mara 60 unapata 3,600, 30 mara 30 ni 900, 40 mara 40 ni 1,600, halafu kwa sababu hisa na bidhaa zinaendaga pamoja kiasi unaongeza mara mbili ya 0.5 × 60 × 40, yaani 2,400. Jumla 8,500, kipeuo chake cha pili ni 92.2. Kwa hiyo kuna milioni karibu 38 zimeokolewa kwa vitengo kukaa pamoja, na swali lote la ugawaji ni hili: hiyo nafuu ni ya nani?

Njia ya bosi inampa kila mtu nafuu kwa kadiri ya ukubwa wake, hisa zinabeba 42.6, hatifungani 21.3, bidhaa 28.4. Inaonekana ni haki kwa sababu ni rahisi, lakini haiangalii kabisa nani kaileta hiyo nafuu. Hisa na bidhaa zikianguka zinavutana, hatifungani zenu hazimo kwenye huo mvutano, sasa kwa nini zilipie?

Rudi kwenye ile 8,500 uone nani kachangia nini. Hisa wana 3,600 yao na nusu ya ile 2,400, jumla 4,800. Bidhaa 1,600 na nusu iliyobaki, 2,800. Hatifungani 900 tu. Gawa 92.2 kwa hiyo mizani utapata hisa 52.1, hatifungani 9.8, bidhaa 30.4. Inajumlika ileile 92.2 (ukiondoa senti za kukadiria) na hakuna kilichobaki hewani. Wataalamu wanaiita njia ya Euler, kwa jina la Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, kwa sababu inasimama juu ya kanuni yake kwamba kipimo kinachokua sawia na ukubwa kinaweza kuvunjwa vipandevipande kufuata mchango wa kila kipande ukikiongeza kidogo tu.

Sasa angalia inavyobadilisha maamuzi, hapa ndo pana uzito. Tuseme faida ya mwaka ni 6 kwa hisa, 2 kwa hatifungani, 4 kwa bidhaa, na kampuni imeweka kiwango kwamba kila kitengo kilete angalau asilimia 12 ya mtaji wake. Kwa njia ya bosi hisa wanaleta asilimia 14.1, bidhaa 14.1, hatifungani 9.4, kikao kinakaa kinasema hatifungani wafunge au wapunguze. Kwa njia ya mchango hatifungani wanaleta 20.5, bidhaa 13.2, na hisa ndo wamelala kwenye 11.5. Kampuni ileile, faida ileile, hatari ileile, ila mtu mwingine kabisa anaitwa kujieleza. Mie naliona hili ni jambo zito, kuna watu wanapoteza kazi na vitengo vizuri vinafungwa kwa sababu tu ya kigawio kilichochaguliwa kwa urahisi wa kukokotoa.

Tahadhari moja. Hiyo 20.5 isije ikawafanya mkimbilie kuongeza hatifungani mara mbili. Hiyo namba ni ya pale mlipo sasa, inasema ukiongeza kidogo mambo yatakuwa mazuri. Mkifika 60 badala ya 30, faida nayo ikafika 4, jumla ya mtaji inakuwa 105.8, mgao wao unaruka kutoka 9.8 kwenda 34, na faida yao kwa mtaji inashuka hadi 11.8, chini ya kiwango. Kampuni nzima inapanda kutoka asilimia 13.0 hadi 13.2 tu. Kwa hiyo sogeeni kidogokidogo na kila mkisogea mpige hesabu upya.

*Mimi ni mkuu wa dawati, yaani kitengo kimoja cha kununua na kuuza, na naona kuna njia ya haki zaidi: piga mtaji wa kampuni ukiwa na mimi, piga tena ukinitoa, tofauti ndo nilipe. Kwa nini watu wa hatari wanaikataa?*

Kaka, hawaikatai, ila haimalizi kugawa. Tukitumia namba za dada hapo juu, ukiwatoa hisa mtaji unashuka hadi 50, maana yake walipe 42.2. Ukiwatoa hatifungani unabaki 87.2, walipe 5. Ukiwatoa bidhaa unabaki 67.1, walipe 25.1. Jumlisha hizo tatu unapata 72.3, wakati kampuni inatakiwa iwe na 92.2. Milioni karibu 20 hazina mwenyewe, na ni hela ya kweli, kuna mwenye hisa wa kampuni anaidai faida yake.

Hili lilisemwa wazi na wasomi wa fedha Robert Merton na André Perold mwaka 1993. Msimamo wao ulikuwa kwamba hiyo pengo usilisukumize kwa vitengo kwa nguvu, libaki makao makuu kama gharama ya kampuni nzima, kwa sababu ukiligawa utaharibu maamuzi. Nakubaliana nao kwa aina moja ya swali: mnafikiria kufunga kitengo au kununua kipya. Hapo tofauti ya nikiwepo na nisipokuwepo ndo namba sahihi, kwa sababu ndo kitakachotokea kweli. Lakini kama swali ni nani apunguze kidogo na nani aongeze kidogo mwaka ujao, tumia ile ya Euler. Ugomvi mwingi niliousikia kwenye haya mambo unatokana na watu wawili kujibu maswali mawili tofauti wakidhani wanajibu moja.

Kuna njia ya kati pia, ya Lloyd Shapley, aliyeiandika mwaka 1953 kwenye nadharia ya michezo (hisabati ya watu wanaoshindana au kushirikiana) na baadaye, 2012, akapata tuzo ya Nobel ya uchumi. Fikiria abiria watatu wanachangia teksi moja na kila mmoja anashuka mbele zaidi ya mwenzake. Aliyepanda wa kwanza anaonekana ndo kasababisha gharama yote na wa mwisho anaonekana kaongeza kidogo tu, kwa hiyo unajaribu mipangilio yote ya nani alipanda kwanza, halafu unachukua wastani. Kwenye namba zetu hisa wanapata 48.1, hatifungani 14.5, bidhaa 29.6, na inajumlika 92.2 kamili. Ni njia ya upole, wakuu wa vitengo huwa hawaipingi sana. Shida yake ni hesabu, vitengo 3 ni rahisi, vitengo 20 una makundi zaidi ya milioni moja ya kupima, na pia mkikigawa kitengo kimoja viwili kwenye makaratasi tu migao ya wengine inaweza kubadilika, kitu ambacho Euler hana.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Tumefundishwa VaR (Value at Risk) ndo kipimo cha hatari, ila kwenye mada ya kugawa mtaji mwalimu alisema tusiitumie, muda ukaisha hakueleza. Naomba unisaidie.*

Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi, nitakuonyesha kwa mikopo miwili.

Kila mkopo una asilimia 4 ya kutolipwa, usipolipwa unapoteza 100. VaR ya asilimia 95 inauliza tu: ukiziondoa siku mbaya asilimia 5, hasara kubwa kabisa ni ngapi? Kwa mkopo mmoja jibu ni sifuri, kwa sababu 4 ni ndogo kuliko 5, hatari yote imejificha ndani ya ule mkia ambao VaR haiuangalii. Sasa weka yote miwili pamoja, haina uhusiano. Uwezekano kwamba angalau mmoja hautalipwa ni asilimia 7.84, imezidi 5, kwa hiyo VaR ya pamoja ni 100. Sifuri kujumlisha sifuri imekuwa 100! Yaani kipimo kinakwambia kutawanya mikopo kumeongeza hatari, na hapo hata ukitaka kugawa utagawa nini, vitengo viwili vyenye mtaji sifuri kila kimoja na kampuni inadaiwa 100.

Kipimo kingine ni wastani wa hasara za mkiani, wenyewe wanaandika ES, yaani expected shortfall. Huyu anaingia ndani ya zile asilimia 5 mbaya na kuchukua wastani. Mkopo mmoja unapata 80, miwili ikipimwa mmojammoja jumla ni 160, ikiwa pamoja inapata 103.2. Sasa kutawanya kumesaidia, kama inavyotakiwa. Mwaka 1999 watafiti Artzner, Delbaen, Eber na Heath walichapisha masharti ambayo kipimo kizuri cha hatari kinatakiwa kutimiza, na VaR inaanguka kwenye hili la kuunganisha, kwamba hatari ya pamoja isizidi jumla ya mmojammoja. Kamati ya Basel nayo, ile ya kimataifa inayoweka kanuni za mabenki, kwenye kanuni zake mpya za hatari ya soko zilizotoka 2016 na kurekebishwa 2019, iliacha VaR ya asilimia 99 ikahamia ES ya asilimia 97.5.

Na ES ina zawadi kwa mgawaji. Chukua matukio 10,000 ya kubuni yaliyotengenezwa na kompyuta, panga kwa hasara ya kampuni nzima kuanzia mbaya kabisa, kata 250 za juu, hiyo ndo asilimia 2.5. Ndani ya hizo 250 tafuta wastani wa hasara ya kila kitengo. Umemaliza, hizo ndo migao, na zinajumlika zenyewe bila kulazimisha. Zingatia kwamba unaangalia siku mbaya za kampuni, sio siku mbaya za kitengo, wanafunzi wengi hapo ndo wanakosea wanapanga kila kitengo kivyake na kurudi kulekule kwenye 130. Kuna jambo moja la kiufundi, 250 ni chache ukishakuwa na vitengo vingi vidogo, namba zitarukaruka kila ukirudia hesabu, kwa hiyo ongeza matukio kabla hujampelekea mtu ripoti.

*Nimesikia kitengo kinaweza kupewa mtaji wa hasi. Inawezekanaje mtu apewe hatari chini ya sifuri? Na je, tuamini?*

Inawezekana, na jibu la kuamini ni ndiyo lakini kwa masharti makali.

Turudi kwa dada wa kwanza. Zile hatifungani tulisema hazina uhusiano na hisa. Kama koreleshoni ingekuwa hasi 0.5, yaani hisa zikianguka hatifungani zinaelekea kupanda, mchango wao unakuwa 900 kutoa 900, sifuri, hawadaiwi kitu. Ikifika hasi 0.6 mchango ni hasi 180, mtaji wa kampuni unashuka hadi 79.6 na mgao wao unakuwa hasi 2.3. Maana yake kitengo kinapunguza hatari ya wenzake kuliko kinavyoongeza ya kwake, ni kinga, na kinga inastahili kulipwa.

Tatizo ni kwamba hiyo hasi 0.6 mmeipata wapi? Mara nyingi kwenye data ya miaka iliyotulia. Na koreleshoni ina tabia ya kukukimbia siku unapoihitaji, watu wanauza kila kitu kwa pamoja sio kwa sababu vitu vinafanana bali kwa sababu wanaouza ni walewale, wana madeni yaleyale na wanadaiwa dhamana siku ileile. Mfano unaojulikana ni Long-Term Capital Management, mfuko wa uwekezaji wa Marekani. Merton huyohuyo na Myron Scholes walikuwa ndani, wote wawili washindi wa Nobel ya 1997. Mwanzoni mwa 1998 mfuko ulikuwa na mtaji kama dola bilioni 4.7 umebeba mali za zaidi ya bilioni 120, umetawanywa kwenye masoko na nchi nyingi ambazo kwa data zilionekana hazina uhusiano mkubwa. Agosti 1998 Urusi ikashindwa kulipa hatifungani zake, kila mtu duniani akakimbilia vitu salama na vinavyouzika haraka, zile nafasi zilizoonekana tofauti zikaenda upande mmoja. Septemba benki na makampuni 14 yalikusanyishwa na Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, wakatia kama dola bilioni 3.6 kuuzuia usianguke vibaya. Mtawanyo ulikuwepo kwenye karatasi tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nausimamia. Mgao wa hasi uonyesheni kwenye ripoti, msiufiche, kwa sababu ni taarifa. Ila msimruhusu yeyote achukue mikopo au bonasi kwa kutumia huo uhasi mpaka mmeupima pia kwa koreleshoni za kipindi kibaya. Njia moja ya tahadhari ipo kwenye kanuni zilezile za Basel, benki inayotumia modeli yake yenyewe kwa hatari ya soko inachukua nusu ya hesabu yenye nafuu ya kutawanya kati ya aina za hatari na nusu ya hesabu isiyo na nafuu hiyo. Kwa mantiki hiyo dada wetu asingeshika 92.2 wala 130, angeshika 111.1. Mtu anaweza kusema ni hesabu ya kukata katikati, haina nadharia ndefu, sawa, lakini ni kukiri kwamba koreleshoni ni makadirio.

*Mimi ni mstaafu, nina akiba yangu tu, nimegawa nusu hisa nusu hatifungani ili niwe na uwiano. Haya mambo ya mtaji wa hatari yananihusu?*

Shikamoo mzee wangu. Yanakuhusu sana, na wewe ndo nimefurahi umeandika, maana watu wanadhani haya ni ya mabenki.

Umegawa pesa nusu kwa nusu, hujagawa hatari nusu kwa nusu. Tuseme hisa zinayumba asilimia 18 kwa mwaka na hatifungani asilimia 6, na hazina uhusiano. Nusu ya 18 ni 9, mara yenyewe ni 81. Nusu ya 6 ni 3, mara yenyewe ni 9. Jumla 90. Hisa zimebeba 81 kati ya 90, asilimia 90 ya hatari yako yote iko upande mmoja, na huo ndo uwiano wako wa kweli. Akiba nzima inayumba kama asilimia 9.5.

Ukitaka hatari ndo iwe nusu kwa nusu, kwa namba hizo ungeweka robo kwenye hisa na robo tatu kwenye hatifungani, 4.5 kila upande, na akiba nzima ingeyumba kama 6.4. Simaanishi ufanye hivyo kesho. Hisa kidogo maana yake pia ukuaji unaotarajiwa ni mdogo, na kustaafu kunaweza kuwa kurefu, bei za vitu zinapanda. Na kama hatifungani zako ni za muda mrefu, zinayumba zaidi ya hizo 6 riba zikipanda, mwaka 2022 hisa na hatifungani zilianguka pamoja kwenye masoko makubwa na waliokuwa wametegemea moja imkinge mwenzake hawakukingwa. Ninachotaka ni uanze na swali lingine kabisa: mwaka mbaya ukija, ni kiasi gani naweza kupoteza na bado nikaishi bila kuuza kwa hasara? Hicho kiasi ndo mtaji wako wa hatari. Ukishakijua, amua ni sehemu gani yake unaipa hisa na sehemu gani unaipa vingine, halafu ndo urudi kwenye pesa.

*Swali fupi: tugawe upya kila baada ya muda gani?*

Kupima, hata kila siku kama mfumo unaruhusu. Kubadilisha migao inayotumika kwenye malengo ya vitengo na bonasi, mimi nasema mara moja kwa mwaka, na katikati ya mwaka pale tu kampuni ikinunua au kuuza kitu kikubwa. Sababu ni kwamba mgao wa kitengo unaweza kupanda wakati wao hawajafanya chochote, wenzao ndo wameongeza nafasi zinazofanana na zao. Kumkata mtu bonasi Novemba kwa uamuzi wa dawati la jirani sio sawa. Tofauti inayotokea katikati ya mwaka ibebwe na makao makuu, iandikwe wazi kwenye ripoti ya kila mwezi, na mkikaa kupanga bajeti inayofuata kila mkuu wa kitengo awe ameshaiona inavyotembea.